Windows ya bei nusu: nusu nyingine inalipwa na nani?

BEI mbili kwa bidhaa moja si ajabu sokoni. Sukari ya gunia haina bei ya sukari ya kupima, na anayenunua katoni hawezi kutozwa sawa na anayenunua kopo moja. Lakini bidhaa mbili zikikaa kwenye rafu moja, ndani zikiwa na kitu kilekile, na moja ikauzwa karibu nusu ya bei ya mwenzake, mnunuzi makini hana budi kuuliza ile nusu imekwenda wapi.

Hali hiyo ilijitokeza wazi Oktoba 22, 2009, Microsoft ilipoingiza sokoni Windows 7. Toleo la Home Premium katika kasha kamili la rejareja lilipangiwa bei ya dola za Marekani 199.99. Wakati huohuo, maduka ya vipuri vya kompyuta nchini Marekani yalikuwa yakiuza programu hiyohiyo, ikiwa katika bahasha isiyo na madoido, kwa kiasi cha dola 100 hivi. Haikuwa bandia wala haikuwa na kasoro. Diski ilitoka Microsoft, lebo ya uhalisi ilikuwa ya Microsoft, na baada ya kuwekwa kwenye kompyuta hakuna ambaye angeweza kutofautisha hii na ile kwa kutazama kioo.

Bidhaa hiyo ya bei nusu huitwa OEM, herufi za Kiingereza zinazomtaja mtengenezaji wa awali wa mashine. Waliomiminika kuinunua ni watu wanaojiundia kompyuta nyumbani: ananunua ubao mama hapa, prosesa pale, sanduku na kumbukumbu kwingine, kisha anaunga mwenyewe. Mtu wa namna hiyo keshabana matumizi kwenye kila kipuri, hivyo haoni sababu ya kulipa dola 200 kwa programu wakati jirani yake ameipata kwa 100. Wengi wao hawakusoma masharti yaliyochapishwa juu ya bahasha.

Masharti hayo yana funzo kwa yeyote anayenunua, anayeuza au anayeunga kompyuta, awe Chicago, Berlin au Kariakoo.

Punguzo lilianzia wapi

Microsoft haijawahi kupata sehemu kubwa ya fedha zake za Windows kwa mnunuzi wa kasha dukani. Katika taarifa zake kwa wanahisa mwanzoni mwa miaka ya 2010, takriban robo tatu ya mapato ya idara ya Windows ilitoka kwa watengenezaji wa kompyuta, ambao huweka programu kiwandani kabla mashine haijafungwa. Mteja anayeagiza leseni kwa mamilioni hupata bei ya mamilioni. Hilo halina mjadala.

Uhusiano huo ulishawahi kuifikisha kampuni mbele ya serikali. Kabla ya mwaka 1994, baadhi ya mikataba ilimtaka mtengenezaji ailipe Microsoft kwa kila mashine yenye aina fulani ya prosesa inayotoka kiwandani, iwe imewekewa programu ya Microsoft au ya mshindani. Mtengenezaji aliyetaka kumpa mteja programu nyingine alijikuta analipa mara mbili. Julai 15, 1994, Microsoft ilikubaliana na Wizara ya Sheria ya Marekani kuacha utaratibu huo, na makubaliano yakathibitishwa mahakamani mwaka 1995.

Chini ya watengenezaji wakubwa wapo waungaji wadogo: duka lenye mafundi wawili au watatu, linalouza mashine 20 au 50 kwa mwezi. Hawa hawana nguvu ya kujadiliana na Microsoft moja kwa moja. Ndio waliotengewa bahasha za OEM kwa waungaji, zinazopatikana kwa mawakala wa jumla na madukani, moja moja au kwa mafungu. Lengo lilikuwa kumpa fundi mdogo bei inayomwezesha kushindana na kiwanda. Kwa hiyo bidhaa hii ilikusudiwa mtu wa biashara, na masharti yake ni ya mtu wa biashara.

Mambo anayoyatoa mnunuzi

Sharti la kwanza ni kwamba leseni ya OEM hufungwa kwenye kompyuta ya kwanza iliyowekewa. Ikizeeka mashine, leseni inazeeka nayo. Ikiuzwa, leseni inakwenda na mashine pamoja na lebo yake. Haiwezi kung'olewa ikapandikizwa kwenye mashine nyingine, hata kama ile ya kwanza imetupwa jalalani. Leseni ya rejareja ni tofauti: mwenye nayo anaweza kuiondoa kwenye mashine ya zamani na kuihamishia kwenye mpya, mradi haitumiki kwenye mbili kwa pamoja.

Sasa, kompyuta iliyoungwa nyumbani ni mashine ipi hasa? Mwaka huu mwenyewe amebadili kumbukumbu, mwakani diski kuu, mwaka wa tatu sanduku na kioo. Ni lini inakuwa kompyuta nyingine? Microsoft ililijibu swali hilo kwa kuuchagua ubao mama, ule ambao mafundi wengi huuita madabodi. Vipuri vingine vyote vinaweza kubadilishwa na leseni ikabaki hai. Ubao mama ukibadilishwa kwa sababu umeharibika, na ukawekwa wa aina ileile au ule ambao mtengenezaji ameutaja kuwa badala yake, leseni pia inabaki. Lakini ukibadilishwa kwa sababu tu mwenyewe anataka mashine yenye nguvu zaidi, kwa hesabu ya Microsoft imezaliwa kompyuta mpya na inadai leseni mpya.

Hapo ndipo penye hesabu ya kweli. Mwaka 2009, aliyenunua OEM kwa dola 100 na kukaa na mashine ileile miaka sita bila kugusa ubao mama, aliokoa dola 100 nzima. Aliyebadili ubao mara moja ndani ya muda huo alitakiwa kununua bahasha ya pili, akafikisha dola 200, bei ileile ya kasha la rejareja. Aliyebadili mara mbili alilipa dola 300, na hakubaki na chochote cha kuhamisha. Watu wanaounga kompyuta wenyewe, kwa bahati mbaya, ndio hasa wenye tabia ya kubadili ubao mama. Punguzo limewekwa mahali ambapo linamfaa zaidi yule asiyelihitaji sana.

Jambo la pili ni huduma. Anayenunua kasha la rejareja ana haki ya kuiuliza Microsoft programu inapomsumbua. Anayenunua OEM huelekezwa kwa muungaji wa mashine yake. Sharti hili linafaa pale ambapo muungaji ni kampuni kubwa yenye dawati la huduma na simu za saa 24. Pale ambapo muungaji ni mnunuzi mwenyewe sebuleni kwake, maana yake ni kwamba akikwama atajipigia simu mwenyewe.

Yapo na mengine madogo. Kasha kamili la Windows 7 lilikuwa na diski mbili, moja ya mashine za biti 32 na nyingine ya biti 64; bahasha ya OEM ilikuwa na aina moja tu, na aliyekosea kuchagua alinunua tena. Aidha, toleo la OEM halikuwekwa juu ya Windows ya zamani ili mafaili na programu zibaki mahali pake. Ilibidi kuanza upya.

Je, aliyeunga kwa matumizi yake anaruhusiwa?

Swali hili liliwasumbua watu kwa miaka mingi, na lawama kubwa inaiangukia Microsoft yenyewe. Zama za Windows XP, bahasha ya OEM ilipaswa kuuzwa pamoja na kipuri cha kompyuta. Maduka yalilitimiza sharti hilo kwa namna yao: mteja alichukua programu, akaongezewa waya wa bei ya chini, na risiti ikaonyesha vyote viwili. Kila upande ulijua kinachofanyika.

Baadaye masharti yalikazwa. Leseni ya waungaji ya Windows 7 ilimtaka muungaji aiweke programu kwenye mashine kwa kutumia vifaa maalumu vya kuwekea, abandike lebo ya uhalisi kwenye sanduku, atoe huduma, kisha auze mashine hiyo kwa mtu mwingine. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyozua kizaazaa. Aliyejiungia kompyuta ya kutumia mwenyewe hamuuzii mtu. Kwa kufuata herufi za masharti, alikuwa nje ya leseni tangu siku ya kwanza, ingawa alilipa fedha halali dukani na programu ikakubali kusajiliwa bila kinyongo. Maduka nayo yaliendelea kumuuzia bila kumuuliza anaipeleka wapi.

Ni vigumu kumlaumu mnunuzi katika hali hiyo. Kampuni inayoweka bidhaa mikononi mwa umma kupitia maduka ya rejareja, kisha ikaandika kwa herufi ndogo kwamba umma hauruhusiwi kuitumia, imejitengenezea mgogoro yenyewe.

Microsoft iliutambua mgogoro huo. Windows 8 ilipotoka Oktoba 26, 2012, bahasha ya waungaji iliongezewa leseni ya matumizi binafsi. Kwa mara ya kwanza ilisemwa waziwazi kwamba mtu anaweza kuinunua na kuiweka kwenye kompyuta aliyoiunga kwa ajili yake mwenyewe. Mwaka uliofuata Windows 8.1 ilikuja na kasha la rejareja lililojitosheleza, dola 119.99 kwa toleo la kawaida na 199.99 kwa Pro, ikimaanisha kwamba pengo kati ya rejareja na OEM kwa mtumiaji wa nyumbani lilipungua sana. Pengo likipungua, kishawishi nacho hupungua.

Mahakama mbili, majibu mawili

Mfanyabiashara anayeuza programu hizi mbali na mashine anapaswa kujua kwamba sheria si moja duniani.

Nchini Marekani, mwaka 1994, mahakama ya shirikisho katika jimbo la New York iliamua shauri la Microsoft dhidi ya duka lililoitwa Harmony Computers. Duka hilo lilikuwa likiuza peke yake programu za Microsoft zilizopaswa kuuzwa pamoja na kompyuta. Lilijitetea kwa kanuni ya kale kwamba aliyekwishanunua kitu ana uhuru wa kukiuza apendavyo. Mahakama ilikataa. Ilisema Microsoft haiuzi programu zake, inazipa leseni tu, na asiye na leseni hawezi kujificha nyuma ya haki za mnunuzi. Mwaka 2010 mahakama ya rufani ya magharibi mwa nchi hiyo ilifuata mwelekeo huohuo katika shauri lililoihusu kampuni ya Autodesk.

Ujerumani ilikwenda njia nyingine kabisa. Mfanyabiashara mmoja alinunua kwa mtu wa kati programu za Microsoft za OEM na kuziuza kwa mteja bila kompyuta. Microsoft ilimshitaki, na mahakama za chini mjini Berlin zikakubaliana nayo. Julai 6, 2000, Mahakama Kuu ya Shirikisho ilibatilisha hukumu hizo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: bidhaa ikishaingizwa sokoni mara ya kwanza kwa ridhaa ya mwenye hakimiliki, haki yake ya kudhibiti inavyosambazwa imekwisha. Kama Microsoft inataka kumzuia mtu asiuze bila mashine, imfunge kwa mkataba yule inayemuuzia. Haiwezi kumfunga mtu wa tatu ambaye hakutia saini yake popote. Ndiyo sababu tangu wakati huo bahasha za OEM huuzwa hadharani Ujerumani, bila hata kile kiwaya cha kusindikizia.

Mahakama ya Haki ya Ulaya ilipanua kanuni hiyo Julai 3, 2012, katika shauri la UsedSoft dhidi ya Oracle, ikisema kwamba hata programu iliyopakuliwa kwa mtandao inaweza kuuzwa tena ikiwa leseni yake ni ya kudumu na muuzaji amefuta nakala yake. Lakini Oktoba 12, 2016, katika shauri lililotoka Latvia, mahakama hiyohiyo iliweka mpaka: diski halisi ikipotea au kuharibika, mwenye nayo hawezi kumuuzia mtu mwingine nakala ya akiba bila idhini ya mwenye hakimiliki.

Diski, kwa kweli, si mali. Muungaji mmoja wa Marekani aliyefufua kompyuta zilizotupwa alijifunza hilo kwa gharama kubwa. Alichapisha China diski 28,000 za kurejeshea Windows, za aina ambayo mtengenezaji huitoa bure kwa mwenye mashine yenye leseni. Alidai kwamba anasaidia kuongeza maisha ya mashine ambazo tayari zina leseni. Mahakama iliona kila diski ina thamani ya dola 25, jumla dola 700,000, ikamhukumu kifungo cha miezi 15 na faini ya dola 50,000. Rufani yake ilishindwa Aprili 2018. Hukumu hiyo ilikosolewa na wengi, maana programu zilezile zilipatikana bure kwa mtandao, lakini alikwenda jela.

Kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2001. Mwenye duka anayeweka nakala moja kwenye mashine 10 hawezi kujitetea kwamba diski yenyewe ilikuwa halali.

Kwa anayeunga ili auze

Wapo wafanyabiashara wanaodhani kwamba masharti haya ni ya kumtisha mtu wa nyumbani tu. Ukweli ni kinyume. Mtu anayeunga kompyuta na kuziuza ndiye OEM ilitengenezwa kwa ajili yake, na ndiye mwenye wajibu mzito zaidi. Chukua mfano wa duka linalopata faida ya dola 30 kwa kila mashine baada ya kutoa bei ya vipuri na leseni. Kwa kufungua bahasha, mwenye duka amekubali kuwa ndiye wa kuulizwa Windows inapogoma. Mteja akirudi mara mbili, na kila mara fundi akatumia nusu siku, ile dola 30 imekwisha na huenda duka limeanza kula mtaji. Wenye uzoefu huweka gharama ya huduma katika bei tangu mwanzo, na huandika kwenye risiti huduma hiyo inadumu kwa muda gani.

Kampuni zinazonunua mashine nyingi zina mtego wao. Leseni za mafungu za Windows, zile ambazo ofisi hununua kwa kompyuta 50 au 100 kwa pamoja, ni za kupandisha daraja tu. Zinahitaji kila mashine iwe tayari na leseni kamili chini yake, ya OEM au ya rejareja. Mwenye ofisi aliyenunua mashine tupu kwa fundi ili kupunguza gharama, kisha akalipia leseni za mafungu akidhani amemaliza, hana leseni ya msingi hata moja. Hilo huonekana siku ya ukaguzi, na siku hiyo muuzaji wa mashine ndiye wa kwanza kutajwa.

Mashine zilizotumika zinazoingia kutoka Ulaya na Dubai zina upande wake mzuri. Leseni ya OEM huandamana na mashine, kwa hiyo kompyuta yenye lebo ya uhalisi kwenye sanduku ina thamani kuliko ile iliyobanduliwa lebo. Kuanzia Windows 8, watengenezaji wakubwa waliacha kuchapisha namba ya leseni kwenye lebo na kuiweka ndani ya ubao mama wenyewe. Mnunuzi wa mzigo wa mashine hizo afahamu kwamba fundi akibadilisha ubao mama ameitoa na namba ya leseni pamoja nao.

Kuhusu namba za Windows zinazouzwa kwa dola 10 au 15 kwenye mtandao, bila diski, bila lebo na bila risiti inayoeleweka: baadhi hutoka katika leseni za mafungu zilizovunjwa, nyingine hununuliwa kwa kadi za wizi. Inaweza kusajiliwa leo na kufungwa baada ya miezi mitatu. Mwenye duka aliyeiweka kwenye mashine ya mteja atalazimika kununua nyingine kutoka mfukoni mwake, au kumpoteza mteja.

Hesabu imerudi mezani

Suala la ubao mama limepata uzito mpya tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, hutolewa bure kwa mwenye Windows 10 halali, lakini inadai mashine iwe na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni; kwa upande wa Intel, kwa sehemu kubwa ni kizazi cha nane kwenda juu. Mashine nyingi zilizoungwa kabla ya mwaka 2017 hazifiki hapo. Kwa wasiokuwa tayari, Microsoft ilitangaza mwaka mmoja wa nyongeza ya marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2026, kwa dola 30 au kwa masharti mengine.

Mwenye kompyuta ya kuunga ambaye prosesa yake haikubaliki hana njia nyingi. Mara nyingi prosesa mpya haikai kwenye ubao wa zamani, kwa hiyo hulazimika kubadili ubao mama. Kama alinunua leseni ya rejareja, hata ile ya Windows 7 au 8 aliyoipandisha kwa halali, anaihamisha na kuendelea na kazi. Kama alinunua OEM, leseni yake imefia kwenye ubao wa zamani, na kasha la rejareja la Windows 11 Home limepangiwa bei ya dola 139. Anayetengeneza bajeti ya kuhuisha mashine 10 za ofisi aanze kwa kutafuta risiti za zamani, aone kila moja imeandikwa neno gani kati ya hayo mawili, kabla hajaomba bei ya vipuri.